Kikokotoo na Kumbukumbu Ndefu ya Wafanyakazi

Julai 2012 wafanyakazi wa migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa walipata habari iliyowafanya waache mazungumzo mengine yote. Mtu akiacha kazi, au akiachishwa, mfuko wa hifadhi ya jamii hautamrudishia tena michango yake mpaka afikishe miaka 55. Sheria yenyewe ilikuwa imepita bungeni tangu Aprili na kusainiwa, na wengi hawakujua kama ipo. Waliijua pale Mamlaka ya Usimamizi na Udhibiti wa Sekta ya Hifadhi ya Jamii, SSRA, ilipotangaza kwamba fao la kujitoa limesitishwa.

Kwa mchimbaji wa miaka 29 hesabu ilikuwa nyepesi na chungu. Mkataba wake umebakiza miaka miwili, labda mitatu. Ukiisha, fedha alizokatwa kila mwezi, pamoja na zile alizochangiwa na mwajiri, zingekaa kwenye mfuko zaidi ya miaka 20 huku yeye yuko kwao bila mshahara na bila mtaji. Vyama vya wafanyakazi vikapaza sauti. Wapo waliosema ni heri waache kazi sasa hivi kuliko kusubiri mlango ufungwe kabisa. Wabunge wa CCM na wa upinzani, ambao si kawaida yao kukubaliana, wakaibana Serikali kwa pamoja, na kabla ya Agosti kwisha Serikali ikaahidi kurudi bungeni na marekebisho.

Walioiandika sheria ile walikuwa na hoja ya kweli. Mtu anayejitoa mara tatu katika maisha yake ya kazi hufika uzeeni mikono mitupu, na mfuko ambao kila mwaka unarudisha michango ya vijana hauwezi kujenga pensheni ya wazee. Popote hifadhi ya jamii inapofundishwa, jambo hilo linafundishwa. Hata hivyo sheria ilidumu miezi michache tu kabla ya kulegezwa. Miaka sita baadaye sheria nyingine, iliyoandaliwa kwa muda mrefu zaidi na kwa wataalamu wengi zaidi, nayo ikapigwa breki ndani ya miezi mitano. Mimi siamini kwamba tatizo lilikuwa ukaidi wa wafanyakazi wala udhaifu wa wanasiasa peke yake. Chanzo kiko mbali zaidi, na kinaanzia kwenye mashamba ya mkonge.

Mwajiri mkubwa kuliko wote katika Tanganyika ya wakoloni alikuwa mkonge. Manamba waliletwa Tanga na Morogoro kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwaandikisha, iliyojulikana kama SILABU. Mpango mzima ulisimama juu ya dhana moja: huyu Mwafrika ana shamba kwao. Akiugua atarudi kwao, akizeeka atarudi kwao, na msimu wa kazi ukiisha hana haja ya kulipwa chochote kwa sababu kwao kuna mihogo. Mshahara ulipangwa umtoshe mtu mmoja kwa muda wa mkataba. Gharama ya uzee, ugonjwa na kukosa kazi iliachiwa ukoo.

Walioajiriwa na Serikali walipata zaidi kidogo. Mwaka 1942 iliwekwa sheria ya mfuko wa akiba wa watumishi wa Serikali, na 1954 ikaja sheria ya pensheni kwa wale wa masharti ya kudumu. Pensheni hiyo ililipwa moja kwa moja kutoka hazina. Mtumishi hakukatwa hata senti. Ndivyo zilivyotokea tangu mapema njia mbili zisizolingana: watumishi wachache wa umma wenye ahadi ya Serikali hadi kufa, na umati wa vibarua wenye ahadi ya shamba la babu.

Makuli wa bandari ya Dar es Salaam ndio waliokuwa wa kwanza kuikataa dhana hiyo kwa vitendo. Waligoma 1939, wakagoma 1943, na mgomo wao wa 1947 ukasambaa nje ya bandari hadi kwenye miji mingine. Walikuwa watu wa mjini sasa, wanalipa kodi ya chumba Kariakoo au Ilala, na kurudi kijijini hakukuwa tena jibu la kila kitu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoanzishwa 1955 chini ya viongozi kama Rashidi Kawawa, lilirithi hasira hiyo na kuibeba hadi uhuru.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kiinua mgongo kwa anayeachishwa kazi. Mwaka huohuo vita vya kima cha chini cha mshahara vikazaa matunda, na wenye mkonge wakajibu kwa kupunguza watu. Kisha ukaja 1964, mwaka ambao mwanahistoria wa kazi Tanzania hawezi kuuruka. Januari wanajeshi waliasi. Viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, TFL ikavunjwa, na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya chama tawala, TANU, huku Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, akiwa ndiye Katibu Mkuu wake. Mwaka huohuo, kwa Sheria Namba 36, ukazaliwa Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF.

Nakaa hapa kwa sababu naona kila kilichofuata kimeota kutoka mahali hapa. Serikali ya nchi changa ilikuwa na uchaguzi. Ingeweza kuanzisha bima ya jamii, ambamo michango inaingia chungu kimoja na kila mtu anachota kulingana na janga lililompata: kazi ikikatika, uzee ukifika, mguu ukivunjika. Ilichagua mfuko wa akiba. Mwanachama anakatwa, mwajiri anaongeza, fedha zinaandikwa kwa jina la mwanachama na kuongezwa riba, na siku ya mwisho anapewa zote kwa mkupuo. Makoloni mengi ya Mwingereza yalichagua hivyo, na sababu zilieleweka. Mfuko wa akiba hauhitaji wataalamu wa kukadiria umri wa watu, hauwezi kufilisika kwa kuahidi kupita uwezo, na unampa mfanyakazi kitu anachokielewa bila kuelezwa.

Lakini mfuko wa akiba ulimfundisha mfanyakazi wa Tanzania somo ambalo hakulisahau: hizi fedha ni zangu. Zipo mahali, zina jina langu, zinanisubiri. Baba alimweleza mwanawe hivyo, na karani wa mfuko naye alisema hivyohivyo. Kwa zaidi ya miaka 30 hilo lilikuwa kweli kisheria. Mtu anayekuja baadaye na kusema fedha hizi ni za wote, na wewe utapewa sehemu kwa masharti, hata akiwa na sababu nzuri namna gani, masikioni mwa mwanachama anakuwa mtu anayechukua kilicho cha mwenzake.

Juu ya somo hilo yakaongezwa mengine mawili, tena machungu.

La kwanza lilitoka kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilipovunjika 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege waliachwa na miaka ya utumishi ambayo hakuna aliyetaka kuilipa. Nchi tatu zilitumia miaka kugawana mali na madeni, na mkataba wa ugawaji ukatiwa saini 1984. Waliokuwa wafanyakazi wa upande wa Tanzania waliendelea kudai mafao yao kwa miongo mingine, wakienda mahakamani, wakiandamana Dar es Salaam, wakikaa barabarani wazee wenye mvi na mikongojo mbele ya ofisi za Serikali. Picha zao zilitoka magazetini mwaka hadi mwaka. Kila mtumishi kijana aliyepita kwa daladala akawaona alijifunza nini maana ya pensheni iliyoahidiwa na mtu ambaye hayupo tena.

La pili lilikuja kimyakimya. Katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei Tanzania ulizidi asilimia 30 kwa mwaka. Mwaka 1986 pekee shilingi iliporomoka kutoka takriban 17 kwa dola moja hadi zaidi ya 50. Aliyeweka akiba NPF tangu 1965 akafika mwisho wa kazi wakati ule alipokea hesabu iliyokuwa sahihi kwenye karatasi, lakini fedha ambazo zamani zingejenga nyumba sasa zilitosha mabati. Waliotoa fedha zao mapema, wakanunua kiwanja au ng'ombe, ndio walioonekana wenye akili. Hekima hiyo ilisambaa mitaani na haikuhitaji profesa kuithibitisha: fedha iliyo mkononi leo ina thamani, iliyo ofisini haina.

Kisha ukaja ubinafsishaji. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na viwanda ambavyo vilikuwa fahari ya Azimio la Arusha vikauzwa, vikabadilishwa au vikafungwa. Serikalini kwenyewe watumishi wapatao 50,000 walipunguzwa katika miaka ile. Hapakuwa na fao la kukosa ajira. Kilichokuwepo ni kiinua mgongo na michango ya NPF. Hivyo kujitoa, ambako kwenye vitabu kulikuwa ni tundu katika mfumo wa uzeeni, kuligeuka ndiyo bima ya kukosa kazi ya nchi nzima. Kwa fedha hizo watu walifungua genge, walinunua cherehani au mashine ya kusaga, walilipa ada za watoto. Hakuna waziri aliyeupanga mpango huo, na ulihudumia watu wengi kuliko mipango mingi iliyopangwa.

Kwa hiyo NPF ilipobadilishwa kuwa NSSF kwa Sheria Namba 28 ya 1997, jina likabadilika na mantiki ikabadilika, lakini tabia ilibaki. Sasa ulikuwa mfuko wa pensheni: michango isiyopungua miezi 180, malipo ya kila mwezi hadi kufa, mafao ya uzazi na ya kuumia kazini. Mlango wa kujitoa ukabaki wazi kwa sababu kuufunga kungewagusa wengi mno. Na wakati makampuni ya dhahabu yalipofungua migodi mikubwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu 2001, yakaajiri vijana kwa mikataba mifupi, mlango huo ukapitiwa na watu wengi kuliko wakati wowote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliwapa kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, isizidi miaka kumi. Aliyefanya kazi miaka mitano aliondoka na mshahara wa siku 35. Asiyeelewa kwa nini watu walililia fao la kujitoa aanze na siku hizo 35.

Upande wa watumishi wa umma kulikuwa na deni ambalo halikusemwa kwa sauti. Mpaka Juni 1999 mtumishi wa Serikali hakuchangia pensheni. Julai mwaka huo mfuko wa PSPF ukaanza: mtumishi asilimia 5, Serikali asilimia 15. Vizuri. Lakini mtumishi aliyestaafu, tuseme, 2004 alikuwa na miaka mitano ya kuchangia na miaka 25 ya kabla, na PSPF ilimlipa kwa miaka yote 30. Fedha za ile miaka 25 zilitakiwa zitoke Serikalini, na hazikutoka kwa kiwango kilichohitajika. Mfuko ulikuwa ukilipa wazee kwa michango ya vijana tangu siku ya kwanza. Juu ya hapo mifuko ilikopesha miradi ya Serikali. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa 2007, kilijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alirudia katika taarifa zake kuonya kwamba marejesho hayaendi inavyotakiwa. Chuo ni kizuri na kimesomesha maelfu. Fedha bado zilikuwa za wanachama.

Hii ndiyo sehemu ya habari inayonikera hadi leo. Ilipofika wakati wa kusema mifuko iko hatarini, mdaiwa mkubwa kuliko wote alikuwa ndiye aliyesimama mbele ya wanachama kuwaambia wapunguze matarajio.

Baada ya kurudi nyuma 2012, suala la kujitoa liliachwa likining'inia kwa miaka sita. Mifuko ilikuwa mitano mikubwa, kila mmoja na kanuni zake, ikigombania waajiriwa wapya kwa kalenda na fulana. Uchaguzi wa 2015 ulipita katikati. Majirani nao walikuwa na yao. Kenya ilitunga sheria mpya ya NSSF Desemba 2013 ili kuachana na mchango wa shilingi 200 za Kenya kutoka kwa mfanyakazi na 200 kutoka kwa mwajiri, kiasi ambacho hakikutosha hata kumlisha mzee wiki moja. Sheria hiyo ilikwama mahakamani miaka tisa, na viwango vipya vikaanza kukatwa Februari 2023, Mahakama ya Rufaa ilipotoa uamuzi wake. Pale waliokataa walikuwa wafanyakazi wenyewe pamoja na waajiri.

Januari 2018 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyounganisha mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na kuiacha NSSF kwa sekta binafsi. Utekelezaji ulianza Agosti 1, 2018. Kuunganisha kwenyewe hakukuleta ugomvi mkubwa. Ugomvi uliletwa na kanuni zilizofuata, na hasa kanuni ya kukokotoa mafao, ambayo ndani ya wiki chache kila mtu, hadi muuza magazeti, aliiita kikokotoo.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu hasira ile haieleweki. Mchukue mwalimu aliyefundisha miaka 35, yaani miezi 420, akastaafu kwa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Chini ya kanuni ya zamani ya PSPF, mshahara wake wa mwaka, milioni 12, ulizidishwa kwa miezi 420 na kugawanywa kwa 540. Nusu ya jibu ilizidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo. Mwalimu huyu angepata takriban shilingi milioni 72.3 siku ya kustaafu, na pensheni ya takriban 389,000 kila mwezi.

Kanuni mpya iligawanya kwa 580 badala ya 540. Mkupuo ukashuka kutoka nusu hadi asilimia 25, na kizidisho kutoka 15.5 hadi 12.5. Tukichukulia mshahara wake haukubadilika katika miaka ya mwisho, mwalimu yuleyule angepata milioni 27.2. Pensheni ya mwezi ingepanda hadi takriban 543,000.

Wataalamu walishika hiyo 543,000. Mstaafu, walisema, atakuwa na uhakika wa kula kila mwezi badala ya kumaliza mamilioni kwa mwaka mmoja, na ni kweli kwamba wapo wastaafu waliomaliza. Lakini mwalimu naye anajua hesabu. Ndiyo kazi aliyoifanya miaka 35. Amepoteza milioni 45 za siku ya kwanza ili aongezewe kama 154,000 kwa mwezi. Ukigawanya, atahitaji kuishi miezi 293 ili nyongeza hiyo ifikie kile alichopoteza. Ni zaidi ya miaka 24. Amestaafu akiwa na miaka 60. Na akifa kabla ya hapo, familia hairithi pensheni yake yote.

Zile milioni 72 zilikuwa zimeshatumika kichwani mwake muda mrefu kabla hazijafika. Msingi wa nyumba ulishachimbwa. Mkopo wa benki ulichukuliwa kwa kutegemea siku hiyo. Mtoto wa mwisho aliambiwa asubiri, chuo kitalipiwa mzee akistaafu. Kanuni iliyoanza Agosti haikumwacha mtu wa kustaafu Septemba apange upya maisha yake, na hapo ndipo naona kosa kubwa la waandaaji. Mabadiliko ya mafao yanaweza kuanza na mwajiriwa wa miaka 22, ambaye bado hajampa mtu ahadi. Wao walianza na mwenye miaka 59. Walikuwa na sababu: upungufu ulikuwa wa sasa, na kijana wa miaka 22 hawezi kuziba upungufu wa sasa. Deni la kabla ya 1999 lililoachwa bila kulipwa lilikuwa limefika tarehe yake, likapelekewa mwalimu.

Chama cha Walimu, shirikisho la vyama vya wafanyakazi (TUCTA) na wabunge, wote walizungumza miezi ile, na wastaafu wa kwanza wa kanuni mpya walionyesha hati zao kwa yeyote aliyetaka kuziona. Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli aliwaita Ikulu, Dar es Salaam, viongozi wa vyama vya wafanyakazi pamoja na wakuu wa mifuko, akawasikiliza, kisha akaagiza kanuni za zamani zirudi, kila mfuko kwa kanuni yake, hadi 2023. Kazi iliyochukua wataalamu miaka ikasimama alasiri moja.

Ni rahisi kusema Rais alifanya siasa. Alifanya siasa. Lakini kila mtu aliyekuwa mezani alijua mstaafu anayepunguziwa ana jina, shule aliyofundisha na wanafunzi waliokua wakawa wabunge, ilhali mstaafu wa 2045 atakayenufaika na mfuko wenye afya bado hajui kama atanufaika. Hakuna aliyekuja Ikulu kumsemea.

Kilichofanyika baadaye kilienda taratibu zaidi, na kwa maoni yangu kilikuwa cha busara zaidi. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilitoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF, kulipa sehemu ya lile deni la watumishi wa kabla ya 1999. Kwa mara ya kwanza mdaiwa alitangulia. Ndipo Serikali, TUCTA na waajiri walipokubaliana kanuni moja kwa wote kuanzia Julai 1, 2022: mkupuo wa asilimia 33. Kwa maelezo ya Serikali, asilimia 81 ya wanachama walipanda kutoka 25, na asilimia 19, wale wa iliyokuwa PSPF na LAPF, walishuka kutoka 50. Kwa mwalimu wetu mkupuo ungekuwa takriban milioni 35.8.

Hao asilimia 19 hawakunyamaza. Ni walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri, watu waliosambaa kila kata na wenye chama kilichojipanga, na miaka miwili iliyofuata hoja yao haikutoka bungeni. Katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ikawapandishia mkupuo hadi asilimia 40, na wengine hadi 35. Miaka sita baada ya kanuni ya 2018, mwalimu yuko karibu na milioni 43.4, mahali fulani katikati ya alichoahidiwa na alichotangaziwa. Huenda mabadiliko ya aina hii hayana njia nyingine ya kupita: asilimia chache, marejeo, asilimia chache tena, huku kila upande ukiona mwenzake naye ametoa kitu.

Lakini wachimbaji wa 2012 hawamo katika mapatano haya. Sheria ya 2018 iliwaletea fao la upotevu wa ajira, jambo ambalo nchi ilikuwa haijawahi kuwa nalo, na wazo lake lilikuwa jema. Aliyechangia miezi 18 au zaidi, akaachishwa bila kuacha mwenyewe, atalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya hapo atapewa nusu ya michango yake. Sasa mweke mtu wa mshahara wa 400,000 aliyefanya kazi miaka mitano. Michango yake na ya mwajiri, asilimia 20 kwa jumla, imefika shilingi milioni 4.8. Fao lake ni kama 133,000 kwa mwezi, jumla karibu 800,000, na baada ya mwezi wa sita malipo yanakoma. Kilichobaki kinamsubiri uzeeni, au akikaa miezi 18 bila kazi anaweza kukihamishia kwenye mpango wa kuchangia kwa hiari, achangie kwa fedha ambazo hana. Kwa mtu aliyelelewa katika imani ya 1964 kwamba hizo fedha ni zake, hii ni milioni nne anayoiona kwa macho na kuzuiwa kuigusa wakati ambao shida yake ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Mwalimu anayepigania kikokotoo yuko kazini na analipa ada ya chama mpaka mwezi wa mwisho. Chama kina kila sababu ya kumpigania. Aliyepoteza kazi mgodini au kiwandani amepoteza na uanachama siku hiyohiyo. Mwaka 2012 wachimbaji walisikilizwa kwa kuwa walikuwa bado kazini, wengi, mahali pamoja, wakiwa na uwezo wa kusimamisha uzalishaji. Waliokuja kuathirika kweli ni wale walioondoka mmoja mmoja, kila mtu na barua yake, wakirudi Shinyanga, Mbeya, Kigoma. Agizo la Desemba 28, 2018 lilirudisha kanuni za wastaafu. Kanuni ya asilimia 33.3 kwa miezi sita haikuguswa siku ile.